Ngeli za Mashabiki Walioachwa na Timu Zao

Nomino za Kiswahili zilikwishapangwa katika ngeli, nasi tukazikariri darasani, wengine kwa wimbo, wengine kwa fimbo. Ajabu ni kwamba hakuna mwanazuoni aliyewafanyia hisani hiyo mashabiki wa hoki ya barafuni wa Marekani na Kanada, hasa wale ambao timu yao iliuzwa, ikapakiwa kwenye malori, ikaenda kuchezea mji mwingine kwa jina lingine, nao hadi leo wanabishana namna ya kuirudisha. Makala haya yananuia kuziba pengo hilo. Mbinu ya utafiti ni ile ya zamani na ya kuaminika: kuwasikiliza watu wakigombana, kisha kuwapa majina.

Kwanza uwanja wa utafiti wenyewe. Ligi ya NHL ina timu 32. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Timu ni leseni aliyoinunua mmiliki, na wamiliki wenzake wakiridhia, aweza kuibeba akaipeleka mji wenye uwanja mpya na kodi nafuu. Kwa hiyo timu yaweza kushika mkia mwaka baada ya mwaka isitikisike, na nyingine ikapendwa hadi machozi ikaondoka. Msomaji wa Tanzania asidhani mambo haya ni ya huko kwenye theluji tu. Mwaka 2024 tuliiona Ihefu, klabu ya Mbarali, ikigeuka kuwa Singida Black Stars, na wengi wetu tukaendelea na ratiba. Kule Quebec jamvi la matanga lilitandikwa Mei 1995 na halijakunjwa.

Ubishi wa mashabiki hawa, ukiuchunguza, una chanzo cha kisarufi. Wote husema "rudisheni timu yetu", lakini kila mmoja ameiweka nomino hiyo katika ngeli yake. Ndiyo maana hubishana usiku kucha bila kukutana.

Tuanze na PA-KU-MU, ngeli ya mahali, iliyo kubwa na yenye madhara zaidi kwa mfuko wa serikali. Shabiki wa ngeli hii anaamini kwamba timu ni mahali. Jenga ukumbi, weka barafu, timu itajileta. Maskani yake ni jiji la Quebec, ambalo lilikuwa na Nordiques hadi timu ilipouzwa kwa dola milioni 75 za Marekani na kuhamishiwa Denver, ikaitwa Colorado Avalanche. Sababu zilijulikana. Uwanja ulikuwa umezeeka, mji ulikuwa mdogo, tena mapato yaliingia kwa dola ya Kanada, ambayo wakati huo haikufika senti 75 za Marekani, huku mishahara ya wachezaji ikilipwa kwa dola ya Marekani yenyewe. Katika sababu zote hizo, wana-PA walisikia moja tu: uwanja. Wakajenga. Centre Vidéotron ilifunguliwa Septemba 2015, viti zaidi ya 18,000, gharama ikikaribia dola milioni 370 za Kanada, sehemu kubwa ikiwa ya umma. Kampuni ya Quebecor ikapeleka maombi ya timu mpya. Juni 2016 ligi ikajibu: Las Vegas ilipewa timu kwa ada ya dola milioni 500, Quebec ikaambiwa isubiri. Mji wa jangwani ukapata barafu, na mji ambao mto wake huganda kila mwaka ukabaki na ukumbi.

Si haki kusema ukumbi huo umekaa bure. Timu ya vijana ya Remparts inacheza humo, na mwaka 2023 ilitwaa Kombe la Memorial, ambalo ni heshima kubwa kwa vijana wa hoki. Lakini mwana-PA hatulizwi na vijana. Serikali ya jimbo ilipoahidi hadi dola milioni 7 ili Los Angeles Kings waje kucheza mechi mbili za maandalizi ya msimu, Oktoba 2024, kelele zilizozuka hazikuwa za kushangilia. Walipakodi waliuliza kwa nini wawalipe matajiri wa California waje kupasha misuli moto. Swali zuri, ila linatoka nje ya ngeli. Kwa mwana-PA, ukumbi uliokaliwa na NHL kwa siku mbili umekaliwa, basi.

Sarufi inatukumbusha kwamba PA ni mahali dhahiri na KU ni mahali pasipo dhahiri. Hapa tunampata kamishna Gary Bettman, aliye madarakani tangu 1993, ambaye katika uainishaji huu ni mwana-KU. Macho yake yako kule: kule kusini, kule kwenye joto, kule kwenye soko. Chini yake Minnesota ilipoteza timu ikaenda Dallas (1993), Winnipeg ikapoteza yake ikaenda Phoenix, Arizona (1996), Hartford ikapoteza yake ikaenda North Carolina (1997). Kila mwaka anapokabidhi Kombe la Stanley, kombe la ubingwa, huzomewa na ukumbi mzima, hata na mashabiki ambao timu yao ndiyo kwanza imeshinda. Kuna watakaosema huo ni utovu wa adabu. Mimi naona ni PA ikiijibu KU.

Ngeli ya A-WA haihitaji maneno mengi. Hawa hufuata watu. Nordiques ilipohama, wako waliowafuata Joe Sakic na Peter Forsberg kwa televisheni hadi Denver, na Juni 1996, mwaka mmoja baada ya msiba, wakamwona Sakic akiinua Kombe la Stanley akiwa na jezi ngeni. Mateso yao yana tabaka. Forsberg alipatikana kwa sababu Eric Lindros, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 1991, alikataa katakata kuchezea Quebec, ikabidi auzwe Philadelphia kwa kundi la wachezaji. Halafu golikipa wa ubingwa huo, Patrick Roy, mzaliwa wa Quebec, alitoka Montreal, mahasimu wao wa kufa na kupona, ambao ni vigumu kuamini wangewauzia Nordiques mtu kama huyo. Kwa maneno mengine, kuhama ndiko kulikoleta golikipa, na golikipa alileta kombe. Mwana-A-WA analijua hilo na hapendi kukumbushwa. Ngeli hii, hata hivyo, hupungua yenyewe: Sakic alistaafu mwaka 2009, na huwezi kumfuata mtu aliyeketi.

LI-YA ni ngeli ya jina, na hapa mtafiti lazima akae chini, maana mambo yake yana kina. Winnipeg ilipokuwa inaponyokwa na Jets, mwaka 1995, watu waliandamana na watoto wakaleta vibubu vyao vya sarafu. Haikusaidia. Miaka 15 baada ya kuondoka, mwaka 2011, kikundi cha wawekezaji wa mji huo kikainunua Atlanta Thrashers na kuihamishia Winnipeg. Tiketi za msimu zilipofunguliwa kwa umma zilikwisha ndani ya dakika 17. Mashabiki walidai jambo moja kuliko yote: jina. Wakapewa. Jets wakarudi.

Lakini lilirudi jina, kumbukumbu hazikurudi. Kwa vitabu vya ligi, historia huandamana na leseni. Teemu Selänne, kijana kutoka Ufini, alifunga magoli 76 katika msimu wake wa kwanza, 1992–93, rekodi ambayo hakuna mwingine wa msimu wa kwanza aliyeikaribia. Aliyafunga Winnipeg, mbele ya watu wa Winnipeg. Timu ilipohama, magoli hayo yalihama nayo kwenda Arizona. Badala yake Winnipeg imerithi kwenye karatasi magoli ya Ilya Kovalchuk, aliyoyafunga Atlanta mbele ya watu wengine kabisa. Kwa mwanasarufi hili ni kosa la upatanisho: kiima ni cha mji mmoja, kiarifu cha mji mwingine. Klabu imejaribu kusahihisha kwa kuwaenzi wachezaji wa Jets ya kwanza, na mwaka 2022 ilisimamisha sanamu ya mmoja wao, Dale Hawerchuk, karibu na ukumbi wake. Mtoto anayepita pale akiuliza, ataambiwa huyu alikuwa nahodha wetu. Vitabu vya ligi vitasema vinginevyo, na nadhani mtoto ndiye atakayekuwa sahihi.

Ottawa walilitatua tatizo hilohilo kwa ujasiri zaidi. Senators wa zamani waliondoka mwaka 1934, na jina likatoweka NHL kwa miaka 58. Kampeni ya kulirudisha ilimtumia mzee Frank Finnigan, mchezaji wa mwisho aliyekuwa hai kati ya mabingwa wa 1927. Timu mpya ikapatikana, lakini Finnigan akafariki siku ya Krismasi ya 1991, miezi kadhaa kabla ya mechi ya kwanza. Oktoba 1992 Senators wapya walitundika bendera za vikombe vya wazee, wakastaafisha namba 8 ya Finnigan, wakaifunga Montreal. Kisha wakamaliza msimu wakiwa na ushindi 10 na vipigo 70. Wana-LI-YA husimulia usiku ule wa kwanza. Zile mechi 83 nyingine huachiwa wanatakwimu.

Sasa I-ZI: jezi, nembo, rangi. Hii ni Hartford, na nakiri ndiyo ngeli niipendayo. Whalers walikuwa timu ndogo katikati ya Boston na New York, wakichezea ukumbi ambao Januari 1978 ulibomokewa na paa lake kwa uzito wa theluji, saa chache baada ya watu kutoka kwenye mechi ya mpira wa kikapu. Katika miaka yao 18 ya NHL walishinda raundi moja tu ya mtoano, mwaka 1986, dhidi ya Nordiques. Raundi ya pili wakatolewa na Montreal, na mji ukawaandalia gwaride hata hivyo. Gwaride la walioshindwa! Napendekeza lifundishwe vyuoni. Lakini walikuwa na nembo ya msanii Peter Good, mkia wa nyangumi juu ya herufi W, na katikati, pale pasipochorwa kitu, panajitokeza H ya Hartford. Timu iliondoka baada ya mechi ya Aprili 13, 1997. Nembo haikuondoka. Kofia na fulana zake zinavaliwa hadi leo na vijana waliozaliwa baada ya mechi hiyo, ambao wakiulizwa jina la mchezaji mmoja wa Whalers watakwambia Gordie Howe, na hata huyo wamemsikia kwa sifa alizozipata kwingine.

Mrithi kisheria ni Carolina Hurricanes. Desemba 23, 2018, dhidi ya Boston, Hurricanes walivaa jezi ya Whalers nyumbani kwao Raleigh, wakapiga na wimbo wa tarumbeta wa Whalers. Hapo wana-I-ZI walipasuka vipande viwili: waliolia kwa furaha kuiona jezi ikiteleza tena barafuni, na waliosema marehemu amevuliwa nguo zake zikavaliwa na muuaji. Mtafiti huyu anaegemea kundi la pili, ingawa anatambua kuwa kundi la kwanza lilikuwa limekwisha kununua jezi.

Imebaki KU ya vitenzi-jina: kusubiri, kukumbuka, kulaumu. Wanachama wake wametapakaa kila mji. Minnesota walipata timu nyingine mwaka 2000, lakini kelele za kumtusi Norm Green, mmiliki aliyeipeleka ile ya kwanza Dallas, ziliendelea katika kumbi za huko kwa miaka mingi. Timu mpya haikuwaponya, iliwapa ukumbi wa kulalamikia. Nashuku kwamba mwana-KU wa aina hii hataki timu irudi hasa. Whalers wa kumbukumbu hawafungwi na mtu. Whalers waliorudi wangelazimika kwenda Boston Jumanne usiku na kufungwa.

Mashabiki wakibishana namna hii, ligi yenyewe imekwisha kufuzu sarufi. Ushahidi ni wa Arizona. Coyotes, waliokuwa Jets wa kwanza, walifikia kuchezea ukumbi wa chuo kikuu usiofika viti 5,000, na Mei 2023 wapiga kura wa mji wa Tempe wakaukataa mpango wa uwanja mpya. Aprili 2024 ligi ikaichambua nomino mbele ya macho ya wote. Wachezaji na makocha, ngeli ya A-WA, walikwenda Salt Lake City kwa dola bilioni 1.2, wakahesabiwa kuwa timu mpya isiyo na jana. Jina, nembo na rekodi vilibaki kwa mmiliki Alex Meruelo, akapewa miaka mitano ajenge uwanja ili auziwe timu nyingine ya kuvivaa. Miezi miwili baadaye mnada wa ardhi aliyoitegemea ulifutwa, naye akajitoa. Kwa hiyo yale magoli 76 ya Selänne, yaliyofungwa Winnipeg, yamehifadhiwa Arizona chini ya jina lisilo na mchezaji, wala uwanja, wala mechi.

Shabiki huiona timu kuwa kitu kimoja kisichogawanyika. Ligi huona viambishi, na kila kiambishi kina bei. Mwaka 1979 Edmonton, Hartford, Quebec na Winnipeg ziliingia pamoja kutoka ligi pinzani iliyovunjika, kila moja kwa dola milioni 6. Ni Edmonton pekee ambayo haijawahi kuondokewa. Seattle ilipoingia mwaka 2021 ada ilikuwa milioni 650. Atlanta, iliyokwisha kupoteza timu mbili kwa Kanada, inatajwa kila mazungumzo ya timu mpya yanapoanza, na wana-PA wake wamekwisha kuchora viwanja. Quebec hawana haja ya kuchora. Mahali wanapo, jina wanalo, jezi wamezikunja kabatini. Kinachowapungukia nacho kiko katika I-ZI: pesa, na ziwe za Kimarekani.