Dakika 25 za Pemba

Hesabu niliipiga mwenyewe, juu ya karatasi iliyofungiwa boflo. Kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi uwanja wa Pemba karibu na Chake ni kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Kile kindege cha injini moja wanachokiita Caravan huenda kama kilomita 300 kwa saa. Jibu: dakika 25. Nikampigia simu mama mkwe, Wete: "Mama, teleka wali, nishafika." Ami wa mke wangu, mtu asiyeamini chombo kisicho na nanga, alikuwa keshapanda boti ya saa moja kwenda Mkoani. Nilimwonea huruma.

Mizani sikuitia hesabuni. Kwenye ndege hizi hawapimi begi tu, na wewe unapimwa. Nikapanda, binti akaisoma namba yangu kwa sauti ya mwadhini, na foleni nzima ikaligeukia tumbo langu. Kisha begi: ruhusa kilo 15, lenyewe 19. Zile nne zilikuwa halua. Ndiyo, nilikuwa napeleka halua Wete, kwenye kitovu cha halua. Mke wangu alinikataza, na hilo tuliache.

Ndege ya saa tatu ikaletewa mvua. Saa nne, mvua. Saa sita mvua ikakatika, rubani akawa haonekani. Saa saba tukaitwa, na kwa sababu ya ile namba yangu nikaambiwa, "Mzee, wewe kaa mbele." Mbele ni ubavuni mwa rubani, na usukani wa pili uko katikati ya magoti yako, unacheza wenyewe. Akiuvuta wake, na wangu unanifuata tumboni. Kisiwa cha Mnemba kilipotokea kushoto, pua ikaanza kuniwasha. Niliizuia ile chafya mpaka machozi yakanitoka. Abiria mmoja nyuma akadhani nalia, akanipa leso.

Tukatua. Nikatazama saa: dakika 26. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata chembe. Begi ndilo halikuja. "Uzito ulizidi, mzee. Litakuja na ndege ya jioni."

Wete nikafika saa kumi, na daladala, mikono mitupu. Ami alikuwa barazani na kikoi chake, kashakula, kashasali, kashalala na kuamka, anachokoa meno.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Umekuja na mashua ya nani?"

Mama mkwe hakusema kitu. Akaniletea sinia, akafunua kawa: ukoko, na kando yake kisahani cha halua.

"Kula, mwanangu," akasema. "Hii ni ya hapa hapa."