Msiyu Aendapo Kuona Tamthilia kwa Mara ya Kwanza

Anza na maji. Kwetu Siyu kisiwani hatutoki tunapotaka, tunatoka mkondo wa mikokoni ukijaa. Halafu Lamu, Mokowe, basi hadi Mombasa, na safari nyingine mpaka Nairobi. Pazia nalo ni kama maji, halimngojei mtu. Wewe hilo unalijua tangu utotoni, basi fika mapema ukawaonyeshe wenye mji.

Kanzu na kofia vinatosha, na buibui vilevile. Simu izime kabisa, usiiache ikinguruma mfukoni. Shangazi atakupata baadaye, na habari ya nani kaposwa na nani haitachacha.

Taa zikizimwa, tulia. Msaliti akimnyatia shujaa, usimpigie shujaa kelele ageuke. Anajua, amefanya mazoezi ya kusalitiwa kwa wiki nyingi. Wagombanao jukwaani usiwaendee na suluhu, hata kama kwenu wewe ndiwe msuluhishi wa mtaa. Na aliyeuawa mwache alale. Mwisho atasimama na kuinama mbele yenu, nawe umpigie makofi ya haki yake, maana kufa vizuri mbele ya watu mia ni kazi ngumu.

Najua kukaa kimya kutakuchosha. Sisi tumelelewa na kirumbizi, mchezo ambao mtazamaji wa sasa ndiye mshika fimbo wa baadaye, na ngoma isiyoitikiwa hupoa. Usiione tabia hiyo kuwa ushamba; hata Nairobi watazamaji waliwahi kuitika. Ukumbi wa Michezo wa Taifa wa Kenya ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule wakoloni walipotangaza hali ya hatari, na kwa miaka mingi ulitawaliwa na michezo ya Wazungu. Oktoba 1976 ikaonyeshwa humo tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya mpigania uhuru Dedan Kimathi, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kama *Mzalendo Kimathi*. Waigizaji walipomaliza waliteremka wakiimba katikati ya viti, watazamaji wakainuka wakajiunga nao, wakatoka nje wakicheza hadi barabarani, mkabala wa Hoteli ya Norfolk. Hakuna aliyewafundisha. Mchezo uliwagusa, wakauitikia.

Kwa hiyo sikiliza kwanza, sikiliza sana, na wakati wa kuitika ukifika mwili utakwambia. Kicheko kikija, cheka kwa sauti. Chozi likija, usijifanye una vumbi jichoni.

Usikimbilie mlango. Ngoja waigizaji watoke, wape mkono, kisha waulize lini watakuja Siyu. Waambie tuna ngome ya karne ya 19 na ua wake wa wazi, tuna watu wanaojua kutazama, na kwamba wakija waje maji yakijaa.