Namna ya Kuwa Mteja Msumbufu wa Kiwanja

Dalali mzoefu humjua mteja msumbufu tangu anaposhuka kwenye bodaboda: hana haraka, kavaa viatu vya matope, na mkononi ana tepu ndefu ya fundi. Mwongozo huu unakufundisha kuwa mteja huyo, hasa ukiletewa mradi wa makazi hapa Dar es Salaam ambao picha zake zina nyasi kijani, barabara pana na, pembeni, mto wa bluu wenye bata.

Anzia kwenye huo mto. Uliza: "Kutoka mtoni mpaka hapa ni mita ngapi?" Ukijibiwa kwamba uko mbali kidogo, rudia swali. Wakikuhamishia kwenye habari za punguzo la bei na malipo kwa awamu, sikiliza kwa adabu, kisha urudie swali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, ziwa au bahari shughuli yoyote ya kudumu, au inayoweza kudhuru hifadhi ya ukingo huo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaitaja ardhi ya ndani ya mita hizo, pamoja na maeneo ya mikoko na ardhi oevu, miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Shika namba hiyo moja, 60, na utamsumbua mtu yeyote.

Sasa utata: mita hizo zinaanza kuhesabiwa wapi? Mwenye mradi atakupimia kutoka kwenye maji ya Septemba, wakati mto umejikunyata katikati ya mchanga na watoto wanauvuka kwa kuruka. Wewe njoo masika. Kama huwezi kusubiri masika, zunguka na utazame juu. Mafuriko huacha mifuko ya nailoni na majani makavu yamenasa kwenye matawi, na huacha mstari wa tope kwenye kuta za majirani. Ukiona nailoni imening'inia juu ya kichwa chako, hapo uliposimama ni mtoni, hata kama pamepandwa ukoka. Ongea na mama lishe wa jirani na wazee wa mtaa. Watakuonyesha kwa kidole maji yalipofika. Na kumbuka kwamba mito ya Dar es Salaam hula kingo zake, ikisaidiwa na wachimba mchanga, kwa hiyo kiwanja kilichokuwa nje ya mstari siku ya kupimwa huenda leo kimo ndani.

Kwenye karatasi usikubali kutishwa na mihuri. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye fomu ya mauziano unashuhudia kwamba mliuziana. Kibali cha ujenzi hutoka halmashauri. Omba ramani ya mipango miji iliyoidhinishwa na ramani ya upimaji, halafu nenda nazo uwanjani ukatafute bikoni. Bikoni ni kigingi kifupi cha zege chenye chuma katikati na namba juu yake. Chuchumaa, futa udongo, soma namba, linganisha na ramani. Bikoni isiyosomana na ramani ni zege tu. Kwa mradi mkubwa wa nyumba, omba pia cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na usiishie kwenye ukurasa wenye sahihi. Soma masharti yaliyoambatishwa, kisha uwaombe wakuonyeshe kila sharti lilipotekelezwa. Wakisema cheti kiko njiani, waambie na pesa ziko njiani.

Nakuhimiza usumbufu huu kwa sababu mji huu umeshalipa gharama ya upole. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za bonde la mto Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 yakaja matingatinga Mkwajuni na Hananasif, na kuta nyingi zikaandikwa X nyekundu ya kubomolewa. Watu walipoteza nyumba walizozijenga tofali kwa tofali kwa miaka mingi, huku mtaa mzima ukiwatazama wanajenga na hakuna mwenye mamlaka aliyewazuia mapema. Hilo linaniuma kuliko matingatinga yenyewe. Hata kituo cha mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, mali ya umma iliyojengwa na wataalamu, kimejaa maji mara kadhaa.

Mita 60 hizo zina wenyewe. Matete yanashika udongo, vyura na ndege wanazaliana humo, na kule Msimbazi unapoingia baharini, karibu na daraja la Salenda, kaa na samaki wachanga wanajificha kwenye mizizi ya mikoko. Ukimwaga kifusi hapo, maji yanayonyimwa nafasi ya kutanuka yatapita sebuleni kwa jirani yako wa bondeni.

Kuna nafasi moja ya kusumbua ambayo wengi tunaiacha. Tathmini ya mazingira inadai wananchi washirikishwe, na tangazo la mkutano mara nyingi hubandikwa kwenye ofisi ya mtaa, likasomwa na wapita njia wachache. Likibandikwa mtaani kwako, nenda, hata kama hununui kitu. Taja mwaka ambao maji yalipanda, taja nyumba yalikofika, na usiondoke mpaka maneno yako yameandikwa kwenye muhtasari.