Jua la Mpanda Halifuati Saa ya Dar

Kabla hujashika chupa ya losheni ya jua, shika saa. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, unaopita mbali baharini, na Mpanda ipo karibu na nyuzi 31. Kila nyuzi ni dakika 4. Piga hesabu: jua la utosi, ambalo vitabu hulitaja kuwa la saa sita mchana, Mpanda hufika karibu saa saba. Dar es Salaam wanakuwa wameshalipokea nusu saa nyuma. Kwa hiyo ushauri wa kukaa kivulini saa nne hadi saa kumi, ukiufuata neno kwa neno hapa, utatoka nje jua likiwa bado na hamu na wewe. Ongeza saa moja mwishoni. Au iache saa, utazame kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, rudi ndani.

Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, jua hupita juu ya Mpanda wima kabisa, kivuli kikajificha chini ya viatu. Oktoba ndiyo mbaya zaidi. Mvua haijashuka na watu wapo mashambani wanasafisha, tangu Mishamo hadi mabonde ya mpunga ya Mpimbwe. Wala usidanganywe na upepo. Mionzi inayounguza ngozi siyo ile inayoleta joto, na abiria wa bodaboda anayekwenda Sitalike akipigwa na upepo mwanana wa Juni anaungua vizuri tu. Wingu jepesi nalo hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo.

Sasa mavazi. Kapelo hulinda paji la uso na kuyaacha masikio mawili yajitetee yenyewe. Tafuta pama yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote. Shati liwe la mikono mirefu na kitambaa kizito. Mitumba imejaa mashati hayo, wala si ghali. Linyooshe juani ukiwa umeweka mkono nyuma yake: ukiviona vidole, jua nalo limeviona. Fulana nyeupe iliyolowa jasho haifichi chochote.

Nimeanza na nguo kwa makusudi, kwa sababu ya hesabu ambayo wauzaji hawaitaji. Mtu mzima anahitaji takriban mililita 30 za losheni kujipaka mwili mzima, na arudie kila baada ya saa 2 akiwa juani. Chupa ya mililita 100 ina mipako mitatu. Haivuki siku moja ya palizi. Lakini aliyevaa pama, suruali na mikono mirefu amebakiza uso, masikio, shingo, midomo na migongo ya mikono. Chupa ile ile sasa inakwenda naye siku nyingi. Shati ndiyo losheni isiyokwisha.

Dukani, soma herufi SPF. Namba 30 huzuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, na 50 kama asilimia 98, kwa hiyo usikubali kulipa maradufu kwa asilimia moja. Tafuta pia herufi UVA, mara nyingi ndani ya duara, maana hiyo ni mionzi ya pili ambayo SPF haiihesabu. Zinki oksaidi na titani dioksaidi huacha weupe usoni. Acha zikuache hivyo. Zinakaa juu ya ngozi na zinafanya kazi. Za kupuliza ziache rafuni: nyingi huishia hewani na mapafuni, na Julai 2021 kampuni ya Johnson & Johnson iliziondoa za kwake sokoni Marekani baada ya kukutwa na benzini. Angalia tarehe ya mwisho, na chupa iliyoanikwa juani mezani usiinunue. Imeshapikwa.

Kisha kuna mkorogo. Melanini ya ngozi nyeusi ni kinga uliyopewa bure, na kuna watu wanaolipa ili waondolewe. Kujipaka haidrokwinoni au zebaki, vyote vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini, halafu kununua losheni ya jua, ni kuezua bati lako masika kisha ukanunua mwavuli wa kulalia.

Na kama nyumbani kuna chupa moja, najua ni ya nani: mtoto mwenye ualbino. Yeye hana melanini ya kumtosha, na ngozi yake huanza kuharibika angali mdogo. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, nao hupewa bure kupitia kliniki za ngozi. Mzazi, iulizie hospitalini na kwa Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania. Mwalimu, mruhusu avae kofia mstarini na mikono mirefu hata kama sare ni ya mikono mifupi, umweke kivulini wenzake wakifyeka, na umketishe mbele aone ubao. Chupa aliyogawiwa kwenye maadhimisho ya siku ya ualbino, Juni 13, haifiki Oktoba. Wanaogawa wahesabu miezi, wasihesabu picha.

Kidonda kisichopona kwa wiki nne, au gamba gumu linalotoa damu likiguswa, hakitaki losheni wala majani: huenda ni saratani ya ngozi. Kionyeshe hospitali ya rufaa ya mkoa kikiwa bado kidogo, maana mara nyingi hukatwa kwa ganzi na mgonjwa akarudi kwake siku ile ile. Kikiachwa, safari ni ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda.