Siku arobaini za WinRAR
Total Commander, programu ya kusimamia faili, ni bwana wa nyumba mwenye kila kitu isipokuwa ruhusa. Faili la RAR, yaani furushi la faili zilizobanwa, hulifungua mwenyewe. Kulifunga, hathubutu: ufundi huo ni uvumbuzi wa Eugene Roshal, na leseni yake haitaki waigaji. Basi unaingia kwenye mipangilio, unamwonyesha rar.exe wa WinRAR anakaa wapi, na kila ukibonyeza Alt+F5 anamtuma kama kibarua wa kutwa.

Sasa mtazame mwenye kompyuta. Total Commander hajailipia, kwa hiyo kila ikiwaka humwamuru abonyeze namba moja, mbili au tatu. Anabonyeza, mtiifu kama mwanafunzi wa chekechea. Kisha anaiita WinRAR, yenye majaribio ya siku 40. Alianza kuijaribu akiwa kidato cha pili. Leo mwanawe yuko kidato cha nne na yeye bado anapima. Mtu makini huyo, hakurupuki.

Na mzigo wenyewe? Picha 300 za harusi, JPEG tupu, ambazo kamera ilikwisha kuzibana tangu ukumbini. Kibarua anatoka jasho, feni inanguruma kama mashine ya kusaga, na furushi linatoka na unene uleule. Mwenye kompyuta hakati tamaa. Anachagua kiwango cha juu kabisa cha kubana, anarudia (chai inapoa), halafu anamtumia shangazi kwenye simu.

“Ahsante mwanangu. Ila hii rar ndiyo nini? Mimi nilitaka picha.”