Kuisindikiza Roketi na Kuipokea: Mwongozo kwa Mkazi wa Kilolo

Kwetu mgeni akiaga, mwenyeji humbebea kifurushi na kumsindikiza hadi njia panda. Akirudi, hupokewa mlangoni. Roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX huaga na kurudi ndani ya dakika nane na nusu. Sehemu ya juu huenda zake na setilaiti za intaneti za Starlink. Sehemu ya chini, yaani busta, hugeuka angani, ikashuka na kusimama wima kwa miguu yake minne. Mgeni wa haraka namna hii anahitaji wenyeji waliojipanga.

Mwaka 2024 pekee roketi za jamii ya Falcon zilirushwa zaidi ya mara 130, nyingi zikibeba Starlink, na nyingi zimeondoka na kurudi sisi tukiwa tumejifunika mablanketi mawili. Hali hiyo ikome. Ufuatao ni mwongozo kwa walioko Ilula kwenye nyanya, Dabaga kwenye ukungu, na kwa yeyote aliyekwama Kitonga nyuma ya lori lililoharibika.

Hatua ya kwanza: Toa tatu

Ratiba za roketi huandikwa kwa saa za kimataifa, UTC. Usihangaike na saa za Florida wala California, ambako roketi hizi hurushwa. Chukua saa ya UTC, toa tatu, na hapo umepata saa yetu ya Kiswahili. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili; ikiwa sifuri au chini yake, ongeza kumi na mbili. UTC 06:00 ni saa tatu asubuhi. UTC 23:30 ni saa nane na nusu usiku. Hesabu hii haikosei, kwa sababu sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, na saa zetu tunaanza kuzihesabu saa sita baada ya usiku wa manane.

Angalia na tarehe. Ukiambiwa Jumamosi saa 23:30, kwako ni usiku wa kuamkia Jumapili. Ukikaa macho usiku wa kuamkia Jumamosi utakesha na mbwa wa jirani.

Kisha jifunze subira. Upepo mkali wa anga za juu, mawingu ya radi au bahari iliyochafuka vyote vinaweza kuahirisha safari, hata zikiwa zimebaki sekunde chache. Kwa hiyo usichinje kuku mapema. Kuku achinjwe busta likishatua.

Hatua ya pili: Tafuta kona inayosoma

Kila nyumba ya Kilolo ina kona yake ambapo simu inasoma: dirisha la jikoni, juu ya kichuguu, chini ya mparachichi. Sababu yake ni ya kisayansi. Mawimbi ya mnara hupenda kwenda moja kwa moja, na milima ya Udzungwa haijawahi kumpisha mtu. Kilima kikikaa katikati yako na mnara, utaona duara linazunguka tu.

Chaji simu mchana, sola ikiwa na nguvu. Nunua bando jioni, duka likiwa wazi. Shusha ubora wa picha hadi chini kabisa. Roketi ni kubwa, itaonekana. Matangazo ya Starlink kwenye tovuti ya kampuni huanza kama dakika tano tu kabla ya kuruka, kwa hiyo bando halitaliwa na maneno mengi. Na simu ziunganishe nguvu: watu kumi wasifungue simu kumi kwenye mnara mmoja. Simu moja, macho ishirini. Kijiji chenye kibanda umiza kimebarikiwa zaidi, kwani mwenye kibanda anaweza kuunganisha simu na televisheni ileile ya Simba na Yanga.

Hatua ya tatu: Alika watu, andaa majibu

Roketi usiitazame peke yako. Alika wanafunzi wa sekondari wanaosoma fizikia, fundi simu, mama anayejua kupika chai ya tangawizi saa nane usiku, na mzee mmoja asiyeamini kitu chochote. Huyo mzee ndiye muhimu kuliko wote. Msalimie vizuri, shikamoo kwanza, kisha mjibu maswali yake bila kumcheka.

Atauliza: "Mjukuu wangu, hicho kitu hakitatuangukia?" Mjibu kwamba swali lake ni la maana. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha kama mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi, na kwa bahati hakuna aliyeumia. Mweleze kwamba busta la Falcon halivuki Atlantiki kuja kwetu; hutua karibu na pwani ya Marekani. Sehemu ya juu ndiyo hufika mbali, na kawaida huelekezwa iungulie juu ya bahari isiyo na watu. Lakini mzee ana haki ya kuendelea kuuliza, kama watu wa Mukuku walivyouliza.

Atauliza inatumia mafuta gani. Hapa utaona uso wake ukibadilika: ni mafuta ya taa, yaliyosafishwa sana, jamaa wa karibu wa yale ya kibatari. Ila roketi huyachoma pamoja na oksijeni iliyopoozwa hadi ikawa kimiminika, kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 180 chini ya sifuri. Mkazi wa Dabaga anayelalamikia mwezi Julai atafakari hapo.

Atauliza kwa nini busta lirudi. Mwambie kwamba kwa miaka mingi roketi nyingi zilikuwa zikitumika mara moja na kutupwa baharini, injini na yote. Busta la Falcon 9 lilitua salama kwa mara ya kwanza Desemba 2015, nchi kavu, Florida. Aprili 2016 likatua juu ya jukwaa linaloelea baharini. Machi 2017 busta lililokwishatumika likarushwa tena. Leo kuna busta lililoruka zaidi ya mara 30. Mzee aliyevaa koti moja tangu enzi za Mwalimu ataelewa haraka kuliko vijana.

Mwisho atauliza: "Na sisi Waafrika tupo wapi?" Hapo simama wima. Kwenye ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitaliano walijenga majukwaa ya San Marco, na kuanzia 1967 hadi 1988 setilaiti zilirushwa hapo kwa roketi za Kimarekani za Scout. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliruka setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka anga za mbali, nayo ikaitwa Uhuru. Walichagua pwani yetu kwa sababu jirani na ikweta Dunia huzunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikielekezwa mashariki hupata msukumo huo bure. Florida haipati kiasi hicho. Pwani ya Waswahili ilikuwa uwanja wa roketi kabla wengi wa waliopo kibandani hawajazaliwa.

Hatua ya nne: Dakika nane na nusu za kazi

Hesabu ikikaribia sifuri, injini tisa za busta huwaka, na ikifika sifuri roketi yenye urefu wa mita 70 huondoka. Anayepiga kelele apige sasa, kwa sababu baadaye kuna kazi. Mgawie kila mtu jukumu.

Mwanafunzi wa kwanza asome kasi na kimo, namba zilizoandikwa kwenye skrini. Baada ya dakika moja na sekunde kumi hivi roketi hupita mahali ambapo hewa huibana kuliko pengine popote. Baada ya dakika mbili na nusu injini tisa huzimwa, na sehemu mbili zikaachana kwenye kimo cha kama kilomita 65 hadi 70, kwa kasi ya takriban kilomita 8,000 kwa saa.

Mwanafunzi wa pili afuate busta peke yake. Bado litapanda kidogo, kwa sababu kasi haiishi mara moja. Likianza kuanguka, mabawa manne yenye matundu yaliyo karibu na kichwa chake yatakuwa yameshafunguka ili kuliongoza. Kwenye dakika ya sita hivi injini tatu huwaka tena kulipunguzia joto na kasi linapoingia kwenye hewa nzito.

Fundi simu aangalie sekunde za mwisho. Injini moja tu huwaka, miguu hufunguka muda mfupi kabla ya kugusa, na chuma chenye urefu wa zaidi ya mita 40 husimama juu ya jukwaa lenye urefu wa kama mita 90 na upana wa mita 50, baharini, bila rubani na bila nahodha. Picha ikikatika hapo, usiitupe simu. Mtikisiko na moto wa kutua umewahi mara nyingi kuvuruga antena ya jukwaa. Subirini kimya, picha hurudi.

Mama wa chai asimsahau aliyekwenda mbele. Busta linapotua, sehemu ya juu bado inaunguruma, na muda mfupi baadaye hufikia kasi ya takriban kilomita 27,000 kwa saa. Kwa kasi hiyo kilomita 500 za kutoka Iringa hadi Dar es Salaam zinamalizika kwa dakika moja na kidogo, bila kusimama Morogoro kununua chochote.

Hatua ya tano: Shangilia kwa adabu

Piga makofi busta likishasimama na moshi ukatawanyika. Mwezi Agosti 2024 busta lililokuwa kwenye safari yake ya 23 liligusa jukwaa, moto ukawaka chini yake, likapinduka. Setilaiti zake zilifika salama. Julai mwaka huohuo hitilafu ya sehemu ya juu ilipoteza setilaiti 20. Februari 2022 dhoruba ya jua ilivimbisha hewa ya juu, na hadi setilaiti 40 kati ya 49 zilizokuwa zimerushwa siku iliyotangulia zikapotea.

Yakitokea hayo, marufuku kusema "si niliwaambia". Mwulize mwanafunzi anadhani nini kimeharibika, na umwache ajibu hadi amalize. Dakika hiyo ya kufikiri ina thamani kuliko makofi yote.

Hatua ya sita: Zione kwa macho yako

Busta hutaliona ukiwa Kilolo, lakini setilaiti zenyewe utaziona, na bila bando. Katika siku chache baada ya kurushwa huwa bado zimefuatana, zikipita kama mstari wa taa ndogo. Tafuta usiku usio na mawingu. Juni hadi Septemba ndiyo miezi bora kwetu. Toka nje kati ya saa moja na saa mbili usiku, au alfajiri kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili. Wakati huo wewe uko gizani lakini zenyewe, mamia ya kilomita juu, bado zinapigwa na jua. Zikizimika ghafla katikati ya anga, hazijaanguka. Zimeingia kwenye kivuli cha Dunia.

Watangazie majirani mapema. Mstari wa taa ukipita juu ya kijiji bila taarifa, kesho yake kuna bibi asiye na hatia atakayesemwa kwamba alikuwa safarini na ungo. Tangazo la dakika mbili kwenye mkutano wa kitongoji linaweza kumwokoa mtu.

Hatua ya saba: Ifuate hadi shuleni

Hatua hii ndiyo hufanya zile sita ziwe na maana. Setilaiti za zamani za mawasiliano hukaa kilomita karibu 36,000 juu, na ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua kama nusu sekunde. Za Starlink huzunguka kwenye kilomita 550 hivi, ndiyo maana hujibu haraka, na kwa kuwa hutazama kutoka juu, kilima hakizizuii kama kinavyozuia mnara. Mwaka 2023 huduma hiyo ilianza Rwanda, Msumbiji, Kenya, Malawi na Zambia, majirani wetu watano. Tanzania haikuwamo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na nchi nzima ikaonja maana ya kutegemea njia chache.

Hapa hatuombi watu waipende kampuni moja. Leseni ni kazi ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kuna maswali halali kuhusu bei, usalama wa taarifa na msongamano wa vyombo angani. Lakini aliyekesha kuangalia roketi ana haki na wajibu wa kusimama kwenye mkutano wa kijiji na kumwuliza diwani: shule yetu ya kata inapata intaneti kwa njia gani, mkongo, mnara au setilaiti? Inasoma siku ngapi kwa wiki? Nani analipa? Kama jibu ni kwamba hakuna, mpango ni upi na wa mwaka gani?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, roketi ijayo usiitazame peke yako. Mtafute binti mmoja wa kidato cha pili, mpe kalamu, naye aandike kasi na kimo kila sekunde thelathini hadi busta litue. Asubuhi mwambie apeleke karatasi hiyo kwa mwalimu wake wa fizikia, kisha wewe uende kwa diwani.