Gobori, Bunduki Bora Kuliko Zote

Miongoni mwa silaha zote ambazo binadamu amezibeba begani, hakuna iliyotukanwa kama gobori, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa kasiba badala ya kutiwa risasi kwa nyuma. Wanaolidharau husema kwamba ni zito, ni la polepole, huogopa mvua, hufuka moshi, huchafuka upesi, na aghalabu hukataa kulia pale linapohitajiwa zaidi. Mashtaka hayo yote ni ya kweli na makala haya hayakusudii kukanusha hata moja. Yanakusudia kuonyesha kwamba kila kinachohesabiwa kuwa ila ya gobori ni fadhila, na kwamba fadhila hizo huonekana vizuri zaidi mahali kama Shasha, kijiji cha Masisi, mkoani Kivu Kaskazini nchini Kongo, kilicho kando ya Ziwa Kivu kwenye barabara itokayo Sake kwenda Minova, ambako watu wamepata nafasi ya kutosha, bila kuiomba, ya kuchunguza tabia za bunduki zisizo na ila.

Mwanafunzi wa gobori huanza na subira, kwa kuwa silaha yenyewe haimpi njia nyingine. Kwanza huhakikisha kwamba kasiba ni tupu, kwa kuutumbukiza ndani yake mdeki, yaani ule ufito mrefu wa kushindilia, na kutazama alama iliyochorwa juu yake kuonyesha mahali unapofika pasipokuwa na kitu. Kisha humimina baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, kutoka kwenye kipimo kidogo na kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe inakohifadhiwa, kwa sababu cheche moja iliyosalia ndani ya kasiba baada ya mpigo uliotangulia yaweza kuipandia baruti yote iliyomo pembeni na kumwachia mwanafunzi mkono mmoja wa kuendelea nao na masomo. Juu ya baruti huweka kitambaa kilichopakwa mafuta, na juu ya kitambaa huweka risasi ya mviringo, kisha huvisukuma kwa mdeki mpaka vikae sawasawa juu ya baruti, maana risasi iliyokwama katikati huacha nafasi tupu chini yake na kasiba huweza kupasuka. Baada ya hapo huutoa mdeki, jambo linaloonekana dogo mno kutajwa, ila vita vya zamani havikukosa askari walioghafilika wakaurusha kwa adui pamoja na risasi. Mwisho kabisa, na si kabla, huvika fataki, ambayo ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kikigongwa, juu ya kifa, yaani kile kichuchu chenye tundu linalopeleka moto ndani. Na kama bunduki yake ni ya kale zaidi, ile iitwayo gumegume, hutegemea jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche, endapo siku hiyo litapenda.

Askari wa Ulaya wa karne ya 18, aliyefundishwa kwa viboko, aliweza kuyarudia hayo yote takriban mara tatu kwa dakika. Mwindaji wa kawaida aliye peke yake msituni hafikii kiwango hicho, na katika muda anaotumia kushindilia, yule aliyekoswa na mpigo wa kwanza, awe kima au jirani, ana nafasi ya kwenda zake. Bunduki ya Kalashnikov, iliyobuniwa huko Urusi mwaka 1947, ina kasi ya risasi zipatazo 600 kwa dakika moja na haimwachii mtu muda wa kwenda popote. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo iitwayo maendeleo, na gobori lastahili sifa kwa kukataa kushiriki.

Fadhila inayofuata ni kuheshimu hali ya hewa. Baruti nyeusi huvuta unyevu, na iliyoloa haiwaki. Basi katika vilima vya Masisi, ambako mvua haihitaji kualikwa, gobori hujipa likizo ndefu ambazo hakuna kamanda awezaye kuzifuta. Makundi yenye silaha yalitia saini mjini Goma, tarehe 23 Januari 2008, hati za kuahidi kusitisha mapigano, na kabla mwaka huo haujaisha vita vilikuwa vimerudi Masisi na Rutshuru. Usitishaji wa mapigano ambao mvua hulipangia gobori hauhitaji mpatanishi, hoteli wala posho ya wajumbe, na haujawahi kuvunjwa.

Kuhusu moshi, wanaolaumu hawajatafakari. Tangu Mfaransa Paul Vieille alipovumbua mwaka 1884 baruti isiyo na moshi, mtu ameweza kumpiga mwenzake bila kujulikana amejificha wapi, na aibu hiyo haikuwezekana chini ya utawala wa baruti nyeusi, kwa kuwa kila aliyefyatua alijitangaza kwa wingu jeupe lililoning'inia juu ya kichwa chake. Askari wengi wa Kijerumani na Kiafrika waliopigana Tanga mnamo Novemba 1914 walibeba bunduki za mtindo wa 1871, ambazo ingawa hazikuwa magobori bado zilitumia baruti hiyo ya kale, na moshi wao uliwaonyesha adui zao mahali walipo. Walishinda hata hivyo, jambo linaloonyesha kwamba ukweli hauleti hasara kila mara.

Heshima kubwa kuliko zote ambayo gobori limewahi kupewa ilitoka kwa wakuu wa dunia. Mkataba wa Brussels uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890 ulipiga marufuku uingizaji wa silaha za kisasa katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, eneo linalozimeza Kivu na pwani yote ya Waswahili. Lakini ibara ya 9 iliacha mlango wazi kwa gumegume zenye kasiba laini, yaani zisizochongwa mifuo ya kuzungusha risasi, na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno mengine, mataifa yaliyokutana mjini humo yalikubaliana kwamba Mwafrika aruhusiwe kumiliki bunduki kwa sharti kwamba iwe mbaya. Mji wa Liège nchini Ubelgiji, uliokuwa ukiunda bunduki za aina hiyo kwa wingi kwa ajili ya soko la Afrika, haukuwa na sababu ya kulalamika. Matokeo yalionekana upesi, kwani majeshi ya Waarabu na Waswahili wa Manyema, ambao wengi wao walishika magobori, yalipopambana na majeshi ya Dola Huru ya Kongo yenye bunduki za Albini zinazojazwa kwa nyuma, mji wao wa Nyangwe ulianguka Machi 1893 na ule wa Kasongo mwezi uliofuata. Mwanahistoria asiye na huruma angesema gobori lilishindwa. Msifu wake husema liliwasilisha madhaifu yake kwa uaminifu uleule uliotarajiwa na ibara ya 9.

Hapa msifu hana budi kushusha sauti kidogo. Katika misitu ya Walikale, ambako Wanyanga wa zamani waliwinda kwa nyavu, mbwa na mikuki, bunduki za kienyeji zimeongeza mauti yasiyohitajika, na Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975 hadi nyanda za chini za magharibi, haiwezi kumshukuru mwenye gobori kwa yaliyowapata sokwe wakubwa waishio humo. Aidha, gobori lililofuliwa na mhunzi kutokana na bomba la maji lina mwelekeo wa kupasuka usoni mwa mpigaji, hasa akithubutu kulitia baruti ya kisasa iliyotolewa kwenye risasi za bunduki nyingine, kosa ambalo halisamehewi na kasiba yoyote ya aina hii. Hata hivyo, ni silaha gani nyingine inayomhukumu mwenye kufyatua kwa usawa na mwenye kufyatuliwa?

Kazi ikiisha, mwanafunzi hupelekwa jikoni. Mabaki ya baruti nyeusi ni chumvi zinazovuta maji, na kasiba ikilala nayo usiku mmoja huamka na kutu. Dawa yake ni maji ya moto, sabuni, tambara na mafuta, tena siku ileile. Mtu aliyezoea kuosha silaha yake kama sufuria kila baada ya kuitumia huanza kujiuliza kama mpigo ule ulikuwa na ulazima. Huko ughaibuni watu wenye uwezo hulipia adha hii kwa fedha zao wenyewe: nchini Marekani chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1933 na hukutana Friendship, Indiana, na tangu 1971 kuna kamati ya kimataifa, MLAIC, inayosimamia mashindano ya dunia ya kulenga shabaha kwa silaha hizi. Hushindania usahihi, na hakuna anayewahimiza waharakishe.

Mkazi wa Shasha anayetamani kuanza mchezo huo ashauriwe kusubiri. Amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inamtaka raia awe na kibali cha kumiliki silaha, na hata mwenye kibali hawezi kuwaeleza majirani, kabla hawajatimua mbio kuelekea Minova, kwamba mlio waliousikia ulikuwa wa burudani. Uwanja wa shabaha usifunguliwe Shasha mpaka gobori liweze kulia na wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakaendelea kupima bidhaa zao. Lakini kama mkoa mzima wa Kivu Kaskazini ungelazimishwa kubaki na aina moja tu ya bunduki na kuzikabidhi nyingine zote, gobori lingepaswa kupita bila kupingwa.